Miguu ya Kavutha

Kileleshwa, Nairobi
3 Februari 2025

Kwa Mama Mercyline,

Pokea salamu za mtu usiyemjua. Naitwa Fidel Odhiambo. Siku za kazi mimi ni karani wa bima mjini. Wikendi nakusanya cherehani kuukuu, zile za kukanyaga kwa miguu. Nazitambua zilikotoka na umri wake, nazisafisha, nazipanga katika kibanda nilichokodi nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Mke wangu hunitania kwamba nina cherehani nyingi kuliko suruali, na sijawahi kushona hata kifungo. Ni kweli.

Mwezi jana binti yako Mercyline aliniuzia cherehani yako. Hakutaka maswali mengi. Alisema tu kwamba ulishona miaka mingi kwenye baraza moja kule River Road. Nilikwenda huko, na fundi mmoja anayekukumbuka ndiye aliyenipa anwani yako. Alinionya nisipige simu kwa sababu masikio yako hayaelewani nayo, bali nitume barua kwa basi la Chwele.

Shida yangu ni hii. Kichwa cha cherehani yako ni Singer. Namba yake inaanza na herufi Y, kwa hiyo kilitoka Scotland karibu miaka mia iliyopita, na ile michoro ya dhahabu bado inang'aa ukiipitishia kitambaa. Lakini meza na miguu yake ya chuma si Singer hata kidogo. Ni Pfaff ya Ujerumani. Mtu fulani alipanua tundu la meza kwa patasi ili kichwa kikae, tena akagongomea kipande cha mbao juu ya pedali, upande wa kushoto. Kwetu sisi wakusanyaji hilo ni kama kumvalisha mtu viatu visivyofanana. Nimepata meza halisi ya Singer kutoka Nakuru, kwa hiyo nitavitenganisha, kila kimoja kikae na jamaa zake.

Ila kila cherehani yangu naiandikia kadi ya historia. Ningependa kujua ni nani aliyefanya kazi hiyo ya patasi, na kwa nini.

Wako kwa heshima,
Fidel Odhiambo


Chwele
14 Februari 2025

Fidel,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua kwamba cherehani yangu imeuzwa. Magoti yaliponikataa na Mercyline akanirudisha huku nyumbani, aliniambia ataiweka stoo kwake na kuifunika shuka. Sasa nasikia iko kwa mwanamume wa bima. Wewe sikulaumu, maana mnunuzi hana kosa. Mercyline nitaongea naye, na atanisikia vizuri hata kama mimi simsikii.

Unasema viatu visivyofanana. Wewe umeona chuma na mbao, ukasoma namba, ukadhani umemaliza. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Patasi ilishikwa na Ngui, seremala aliyekuwa jirani yetu pale barazani, na alifanya kazi hiyo mbele yangu na mbele ya Kavutha. Kichwa ni changu. Meza ni ya Kavutha, na kile kipande cha mbao ni cha mguu wake.

Nakuomba usivitenganishe. Mimi si mtu wa kuomba ovyo, muulize yeyote.

Na unijibu jambo moja. Ukiwa peke yako hapo kibandani, pedali hutulia?

Nakhumicha, Mama Mercyline


Kileleshwa
27 Februari 2025

Mama Mercyline,

Nisamehe. Barua yako ilifika nikiwa nimeshavitenganisha. Kichwa kimekaa kwenye ile meza ya Nakuru na kinapendeza sana kwa macho. Meza ya rafiki yako iko mahali salama, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu pedali, umeniuliza kama mtu anayejua jibu, nami sipendi kudanganya. Kabla sijavitenganisha ilikuwa inagonga. Nilikuwa nikinywa chai mchana naisikia nyuma yangu ikishuka na kupanda, pigo moja zito na moja jepesi, kama mtu anayechechemea. Nikigeuka nakuta inamalizia kuyumba. Nilijiambia ni malori ya Ngong Road yanayotikisa sakafu. Lakini nina pedali nyingine nyingi mle ndani na hakuna iliyotikisika.

Sasa ni kichwa kinachonisumbua. Nilimwita fundi mzuri aijaribu. Kila akikanyaga, gurudumu linaenda kinyume na uzi unakatika. Amebadilisha mkanda wa ngozi, sindano, hata mafuta. Mwishowe alisimama akavaa koti lake. "Mzee, hii kitu haitaki mimi," akasema, na hajarudi. Je, ilikuwa na tabia hiyo tangu zamani?

Fidel


Chwele
10 Machi 2025

Bwana Odhiambo,

Nimekuita bwana kwa sababu nimekasirika. Mahali salama ni wapi? Mtu akikwambia kitu kiko mahali salama na hapataji, jua hakiko kwake.

Acha nikwambie, maana naona kadi yako itajaa uongo usiposaidiwa.

Kavutha Muasya alitoka Mwala, mimi nikatoka huku, tukakutana kwenye baraza ile tukiwa wasichana. Yeye na Pfaff yake, mimi na Singer yangu, magurudumu karibu kugusana. Mimi sikujua Kikamba naye hakujua Kibukusu, basi tukateta kwa Kiswahili miaka yote. Hakuwa na mtoto. Mercyline alilala kwenye mapaja yake kuliko yangu.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu. Mwaka huohuo wezi wakavunja duka tulikolaza vichwa vya cherehani, wakachukua chake na kuacha changu, sijui kwa nini. Meza yangu nayo ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikamwambia Ngui, chukua hicho na hiki utupatie kimoja. Kavutha akakaa upande wa pedali akakanyaga kwa mguu wa kushoto, ndiyo maana ya ile mbao, mimi nikakaa karibu naye nikaongoza kitambaa. Watu walicheka kwanza. Baadaye walizoea, na yeye akaendelea kujiita fundi, kwa sababu alikuwa fundi.

Tulikuwa tumeahidiana zamani kwamba atakayetangulia, mwenzake amshonee gauni la kuzikiwa. Alitangulia yeye. Nilimshonea nikikanyaga mwenyewe, nikilia, na mshono ukaenda kama njia ya ng'ombe.

Juma lililofuata nilikaa kushona sare za shule. Kabla sijagusa pedali, ikashuka. Pigo zito, pigo jepesi. Sikuogopa, Fidel. Nilimwambia, "Kavutha, ngoja kwanza nipange kitambaa." Ikangoja. Tangu siku hiyo mpaka nilipotolewa Nairobi, miguu yangu ilikaa sakafuni. Sikumwambia mtu, hata Mercyline.

Najua anachongoja. Ahadi ni deni, na gauni langu hajalishona. Kitambaa ninacho tangu zamani. Nilikuwa naahirisha kwa makusudi, kwa kuwa nilijua likishonwa ataondoka, nami nitabaki peke yangu kwenye baraza ile. Sasa nimezeeka na nyinyi mmemfukuza kutoka kwenye kazi yake kabla hajamaliza. Mrudishe.

Nakhumicha


Kileleshwa
24 Machi 2025

Mama Mercyline,

Ulisema kweli, haikuwa kwangu. Nilimpa rafiki yangu Lenox, mwenye duka la kahawa hapa Kileleshwa. Watu wa siku hizi wanapenda kunywea juu ya miguu ya cherehani. Nilipopata barua yako ya kwanza niliona haya kukuandikia hivyo, ndiyo nikasema mahali salama.

Niliposoma hii ya pili nilikwenda moja kwa moja, saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa. Meza zote zilikuwa na wateja isipokuwa hiyo, pale dirishani penye mwanga mzuri. Nikamuuliza Becky, msichana anayehudumu, kwa nini haina mtu. Aliangalia huku na huku kabla ya kunijibu.

"Wanasema kuna mtu anawakanyaga. Mimi nilidhani ni story, nikakaa hapo lunch. Nilikanyagwa, si mchezo."

Nikaketi. Kahawa yangu ilikuwa haijapoa bado. Pedali ilishuka chini ya viatu vyangu, pigo zito, ikangoja kidogo, kisha jepesi. Mama, nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Nilichosikia ni huzuni, kama unapomwona mtu amesimama kituoni na gari lake limeshapita. Ilikanyaga na kukanyaga, na juu yake hapakuwa na gurudumu la kuzungusha. Kulikuwa na kikombe tu na bakuli la sukari.

Lenox hakubishana. "Chukua hiyo kitu yako, buda. Inafukuza watu." Nikambadilishia kwa ile meza nzuri ya Nakuru.

Nimerudisha kichwa chako juu ya meza yake. Kimeingia kwenye lile tundu la Ngui bila kusukumwa. Nimefunga mkanda. Niiweke kwenye gari nije nayo Chwele? Sema neno tu.

Fidel


Chwele
5 Aprili 2025

Kwa Bw. Fidel,

Anayeandika ni mimi, Mercyline. Mkono wa Mama umeanza kutetemeka na moyo wake haufanyi kazi vizuri. Hakutaka ujue. Daktari wa hapa amesema asipelekwe mbali, tukae naye tu. Nimechukua likizo nimekuja. Amenishika niandike kila neno atakalosema, na atalisoma akimaliza, kwa hiyo siwezi kupunguza.

Mama anasema: Fidel mwanangu, nimekusamehe. Usilete cherehani huku. Mimi siwezi tena kuketi muda mrefu, na hata ukija na gari la haraka sijui kama utanikuta nina mikono. Nakutumia gauni kwa basi. Nimelikata mwenyewe na kulishikiza kwa mkono, vipande vyote viko mahali pake. Kazi yako ni kufuata nyuzi nyeupe za kushikizia. Lishone wewe.

(Mimi nilimwambia hujui kushona. Amesema anajua kuwa hujui.)

Mama anasema: Miguu uiweke sakafuni, hata ukitamani. Mkono wa kushoto uongoze, wa kulia upokee. Usivute. Mwambie Kavutha ni la nani. Ukifika mwisho wa mshono usikate tu uzi. Vuta nyuzi zote mbili upande wa ndani, ufunge mafundo matatu kwa vidole. Hiyo ndiyo alama yangu, wateja wangu walinitambua kwayo. Ukishindwa, kata, sitakuhukumu.

Amelala sasa, kwa hiyo hili ni langu. Sikuiuza kwa tamaa. Nilipokuwa nikipita karibu na stoo mchana nilikuwa naisikia, na mimi nilijua mguu ule. Nililelewa nao. Niliogopa nikaita mtu wa kuichukua. Ningemwambia Mama angefurahi, nami nisingeweza kukaa na furaha yake. Tafadhali fanya upesi.

Mercyline


Adams Arcade
16 Aprili 2025

Mama Mercyline,

Gauni lilifika salama. Rangi yake ni bluu nzuri, ile ya jioni kabla taa hazijawashwa.

Jumamosi nilifagia kibanda, nikanawa mikono, nikaketi. Nilijisikia mjinga. Niliweka miguu sakafuni nikasema kwa sauti ya chini, "Kavutha, hili ni la Nakhumicha." Hakikutokea kitu. Nikasema tena, nikaongeza kwamba mimi sijui kushona na yeye avumilie. Nadhani hilo ndilo lililomfurahisha, maana pedali ilishuka.

Mama, sijui nikwambie nini. Nimezikusanya hizi miaka mingi, nazijua kwa namba na kwa viwanda, na sikuwahi kuona sindano ya mojawapo ikiingia kwenye kitambaa na kutoka. Kitambaa kikaenda upande, nikadhani tumekiharibu. Pedali ikasimama yenyewe. Ilingoja nikinyooshe, halafu ikaendelea polepole, kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. Nilipopotoka ilisimama. Nililia kidogo na sioni haya kukuandikia.

Mbavu zimekwisha, mabega yamekwisha, na mkono wa kulia umeingia. Mishono yangu si mizuri. Fundo lako limenishinda kabisa, vidole vyangu ni vinene, kwa hiyo kila mahali nimekata kwa mkasi. Umebaki mkono wa kushoto na pindo. Najiendea taratibu kwa sababu sitaki kuharibu, na pia, niseme ukweli, kwa sababu sitaki kumaliza. Sasa nakuelewa ulivyoahirisha.

Ngoja kidogo tu. Juma lijalo litakuwa kwenye basi.

Mwanao,
Fidel


Chwele
12 Mei 2025

Kwa kaka Fidel,

Asante kwa gauni. Lilifika siku moja kabla ya mazishi, na wanawake wa kanisa waliomvalisha Mama walisema limemkaa. Tulipokuwa kwenye simu siku ile sikuweza kusema mengi. Ngoja niseme sasa.

Barua yako ya mwisho nilimsomea nikipaza sauti sikioni kwake. Pale uliposema Kavutha alikusimamisha ukipotoka, alicheka mpaka akakohoa. Alisema Kavutha alimfanyia hivyohivyo. Akanituma nikuandikie kwamba usiwe na wasiwasi kuhusu mafundo. Sikuwahi kuandika.

Jumanne ile aliamka akakataa uji. Aliomba nimkalishe kwa mito, akaanza kulisukuma blanketi mbele yake kwa mkono wa kushoto na kulipokea kwa wa kulia, pole pole, kama ana kazi. Nilimuuliza anafanya nini. Aliendelea kusukuma. Kwa muda mrefu mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Mwishowe vidole vilicheza kwenye ncha ya blanketi, vikafunga kitu nisichokiona, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akasema, "Haya basi." Akalala. Ilikuwa kabla ya adhuhuri.

Sasa nina swali. Wakati wa kumvalisha niliangalia ndani ya gauni. Mishono yako naiona, samahani, inapinda, na nyuzi umekata. Lakini mkono wa kushoto na pindo lote vimenyooka kama rula, na kila mwisho una mafundo matatu. Uliandika kwamba limekushinda. Nani alikufundisha?

Dada yako,
Mercyline


Adams Arcade
25 Mei 2025

Dada Mercyline,

Hakuna aliyenifundisha.

Jumanne ile nilipita kibandani asubuhi kabla ya kazi. Nilianza mkono wa kushoto, nikashona kama urefu wa kiganja, ukapinda. Nikauacha pale pale chini ya sindano nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda mjini. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Uliponipigia simu adhuhuri niliomba ruhusa ofisini. Nilirudi nikijua nimechelewa, nikijilaumu kwamba nilikuwa nakokota kazi wakati yeye ananingoja.

Gauni lilikuwa limekunjwa juu ya meza. Mshono wangu uliopinda haukuwapo, ulikuwa umefumuliwa na nyuzi zake zimewekwa kando. Mkono ulikuwa umeingia na pindo limekwisha. Nilipitisha kidole upande wa ndani nikayagusa yale mafundo moja baada ya jingine. Gurudumu lilikuwa bado na joto, kama wakati fundi ametoka tu kuinuka. Sikukwambia siku ile kwa kuwa ulikuwa na mzigo wa kutosha, na pia niliogopa utafikiri natafuta kukufariji.

Kwa hiyo Kavutha alilipa, na mama yako aliongoza mwenyewe. Mimi nilinawa mikono yangu bure.

Kadi nimeshaiandika. Nimeandika kwamba kichwa ni Singer, cha Nakhumicha wa Chwele, na meza ni Pfaff, ya Kavutha Muasya wa Mwala, na kwamba viliunganishwa na Ngui seremala. Nimeandika pia kwamba havitenganishwi. Mkusanyaji mwenzangu akija na kucheka viatu visivyofanana, nitampa kiti na chai na kumwambia yote.

Lakini hutaisikia tena, wala usiogope kuja. Jana niliketi mbele yake mchana kutwa, miguu sakafuni, kitambaa kidogo chini ya sindano. Niliwaita wote wawili kwa majina. Hakuna kilichoshuka. Nilingoja mpaka maduka ya nje yakaanza kufungwa, ndipo nikaweka miguu yangu mwenyewe juu ya pedali, wa kushoto kwenye ile mbao, nikakanyaga. Gurudumu lilienda kinyume na uzi ukakatika.

Kaka yako,
Fidel